Maji ya Bahari Siyamwagi

Baba Anjela,

Kabla hujasikia kwa wengine nakwambia mwenyewe: tangi lako la kioo bado liko sebuleni, na maji yake yamo. Ndugu zako walitaka yamwagwe siku ya kumaliza matanga yako. Nimekataa. Nimekataa mbele ya wazee, nimesimama, kitenge nimekifunga kiunoni, na wa kusema waseme.

Unakumbuka lilivyoingia humu ndani? Yule mtafiti wa Kizungu uliyekuwa fundi wa mitambo yake alipomaliza mkataba, wenzako waligawiwa baiskeli na redio. Wewe ukaja na tangi, pampu, mita, na samaki wawili wa rangi ya chungwa ambao hata kwa mboga hawatoshi. Nikakuuliza, "Tuna mto mzima hapa, samaki mpaka tunawakausha, hawa wa nini?" Ukacheka tu. Ikawa kila ukienda Dar es Salaam unarudi kwa treni na madumu ya maji ya bahari, na watu pale stesheni Ifakara wanadhani umeleta mafuta ya kupikia. Kaka yako, Shemeji Beda, akija kutoka Mofu alikuwa anakaa mbele ya tangi na kuuliza tutawakaanga lini.

Nilikuchoka, kisha nikazoea, kisha nikawapenda. Kila asubuhi ulifuta kwanza chumvi iliyoganda kwenye kingo na kwenye waya wa pampu. Ndipo ukaichukua ile mita ya kupima uchachu wa maji, yenye kijiti chenye ncha ya kioo. Hukukitia kijiti tangini moja kwa moja. Ulikitia kwanza kwenye kichupa cha dawa ambayo kipimo chake kimeandikwa ubavuni. "Mama Anjela, mita ni shahidi," uliniambia. "Muulize kwanza jambo ambalo jibu lake unalijua. Akikosea hapo, na mengine usimsikilize." Nikakwambia ungefaa kuwa hakimu. Ukasema mahakimu hawana subira ya kungoja namba itulie.

Halafu ikaja homa, ikakuchukua hata wiki haijaisha.

Nyumba ikajaa watu, nani angekumbuka kufuta chumvi? Mimi nilikuwa chini mkekani. Siku moja matanga yakiendelea, Shemeji Beda akaiwasha ile mita kwa udadisi wake na kukitumbukiza kijiti tangini. Namba zikacheza. Zikapanda, zikashuka, zikapanda tena, na hakuna aliyezigusa. Akaingiza na kidole, kidole chenyewe kina kidonda cha ndoana, akakichomoa mbio. "Kuna kitu kimeniuma," akasema, na samaki wako wapo upande wa pili kabisa.

Basi, maneno yakaanza. Kwamba maji ya bahari yana wenyewe, na wewe umewaleta bara bila kuwaomba, ndiyo maana wakadai damu. Kwamba mkeo ndiye aliyekuwa anawalisha. Mtu mmoja akasema, kwa sauti ya kunifikia, "Lisemwalo lipo, kama halipo laja." Wakakubaliana aletwe mganga, maji yakamwagwe njia panda, na mimi niogeshwe dawa. Waliniambia kwa upole, kama wananisaidia. Nikaona wazi kwamba nikiyatoa maji yale, nimekiri ulikufa kwa jini na mimi ndiye niliyelifuga. Na binti yetu angekua akinyooshewa kidole kwa ajili ya mama yake.

Nikainuka mkekani. Nikaanza na kichupa chako. Mita ikasema kweli, ikatulia. Tangini ikacheza. Nikachota maji yaleyale kwa glasi, nikayaweka mezani, mbali, nikapima. Nane na pointi mbili, namba yako ya kila asubuhi, tuli. Kwa hiyo mita ni nzima na maji ni mazima. Kibovu kimo ndani ya tangi. Nikachomoa plagi ya pampu, namba zikasimama palepale. Nilipoitoa pampu nikaona chumvi imetambaa kwenye waya, mpira umepasuka, umeme ulikuwa unavujia ndani ya maji. Nimelala na fundi miaka yote ile, nishindwe kujua umeme unavyouma?

Siku ya kumaliza matanga, mganga akiwa nje kwenye benchi, nikawaita wazee sebuleni na kuwaonyesha yote. Nikamwambia Shemeji Beda aingize mkono sasa. Akasema yeye hajaribiwi na mwanamke. Ndipo mama yako akainuka. Nikamwambia, "Mama, kaa tu," akanisukuma pembeni. Akauzamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, akakoroga, akautoa, akaulamba.

"Chumvi tu," akasema. "Beda, kampe yule mganga chakula aende zake."

Shemeji hakukubali. Pampu au si pampu, akasema, maji haya yana mkosi na yatatoka leo. Nikamjibu, "Anayetaka kuyatoa aanze kunitoa mimi." Hakuna aliyenyanyuka.

Sasa pampu sina. Asubuhi na jioni nachota maji kwa jagi na kuyamimina kutoka juu ili yapate hewa, na mama yako, aliyekataa kurudi Mofu, ananipokea nikichoka huku akinung'unika kwamba hajawahi kuona samaki wanaotunzwa kama wagonjwa. Wako wazima wote wawili. Wapo majirani wanaoupita mbali mlango wangu. Wapite. Akutukanaye hakuchagulii tusi.

Lakini wewe nikufiche nini? Namba zilipotulia nilikaa chini nikalia kuliko nilivyolia siku ya maziko. Maana lingekuwemo jini, Baba Anjela, ningelitoa kwa mikono yangu hii, nikalipiga, nikaliuliza kwa nini wewe. Halikuwemo. Umeuawa na homa, homa hiihii inayoingia kila nyumba ya bonde hili, na mimi sina wa kumkamata shati. Ni vigumu kulibeba hilo kuliko jini. Nalibeba. Kila anayeniuliza namtazama usoni na kumwambia: mume wangu alikufa kwa homa.

Pumzika wewe. Mlango huu naulinda mimi.

Mkeo,
Mama Anjela