Kidole Shingoni

Baba, shikamoo. Baridi ya Tunduma inapenya mifupa. Ugali na maharage yanayotoka Iyula, mkoani huku, ndivyo vimeniokoa. Mama ntilie anayevipika ana kimrija cha kupumulia shingoni kama chako. Mteja akiingia, mama hukunja goti na kupiga makofi taratibu, salamu ya huku isiyohitaji sauti. Kisha huziba kimrija kwa kidole, pumzi inapanda kooni, na sauti inatoka, nzito, ya kukwaruza: "Karibu mwanangu, nikuongeze mboga?" Akiachia ili avute hewa, wateja wanasubiri amalize. Hakuna anayegeuza uso.

Daktari alishakuruhusu kuzungumza hivyo, lakini tangu utoke hospitali unatuashiria tu. Nikirudi nitapiga magoti mlangoni, na siinuki mpaka uniite jina langu.

Mwanao akupendaye,
Tumaini