Orodha ya Nyongeza ya Pensheni

Mwihoko, Ruiru

Mpendwa Dada Wakesho,

Natumai barua hii inawakuta mmeamka salama, na kwamba baridi ya Wundanyi haijamrudishia shemeji kikohozi chake. Mimi ni mzima wa mwili. Binamu alinipigia simu akanisomea ujumbe wako: Mama ni mgonjwa, hali chakula mpaka aniulizie, na wewe unataka kujua ni kitu gani kinachonishika huku kuliko mama mzazi. Haya hayasemeki kwa simu, ndiyo maana naandika.

Unajua shirika la umma nililolitumikia mpaka nikastaafishwa mapema limekubali kutuongezea pensheni. Limeweka sharti: kila mstaafu aonekane kwa macho, yu hai, katika ukumbi wa kanisa pale Kiganjo, Thika. Maofisa huja siku wanayotaka, huhakiki watu wachache walio juu ya orodha, kisha huondoka. Dada, shirika hili lilinikata mshahara miaka yote bila kuhitaji kuiona sura yangu. Leo, siku ya kunilipa, haliamini kwamba napumua! Huo si uhakiki, ni dharau iliyopigwa muhuri.

Orodha tuliiandika wenyewe, nami nikachaguliwa katibu. Watu walikuwa wakituma wajukuu wawaitikie majina. Nikasimama, nikahutubu, nikaandika kanuni: majina yataitwa kila asubuhi, hata Jumapili kabla ya ibada, na asiyeitika mwenyewe atashushwa mkiani. Hakuna udhuru, hata msiba. Walinipigia makofi.

Jumatatu, baada ya ujumbe wako, niliomba ruhusa ya wiki mbili.

"Katibu," akasema Mama Wanjiku, aliyekuwa mtunza stoo wetu, "si uliandika hata msiba?"

"Mama hajafa. Ni mgonjwa."

"Ala! Basi udhuru wako ni mdogo kuliko wangu." Watu wakacheka. Yeye hakucheka. "Dada yangu alizikwa Murang'a mimi nikiwa hapa, naitika 'niko.' Nenda ukamwone mama yako, katibu. Hutashuka mkiani, mimi mwenyewe nitakupigania. Lakini kwanza waambie hawa kwamba kanuni yako ilikuwa mbaya."

Ukumbi mzima ukanigeukia. Unanijua, Dada: tangu utotoni sijakubali kushindwa kwa maneno. Nikafungua mdomo, nikatoa hotuba ndefu juu ya haki na nidhamu. Nilipomaliza, mzee mmoja nyuma akasema, "Ngai! Huyu atabaki hapa hadi Krismasi." Ombi langu likakataliwa, mikono yote juu.

Tangu siku hiyo naitika kila asubuhi kama mfungwa anayehesabiwa. Jana niliandika maneno ya kumwambia Mama Wanjiku. Yakajaa kurasa tatu, zote za kujitetea. Nimezichana. Limebaki neno moja tu: nilikosea. Nimejaribu kulitamka hapa chumbani peke yangu, na kila mara naishia kuongeza "lakini."

Msalimie shemeji, na mjomba anayemkatia Mama majani ya ng'ombe, na binti yako mwalimu. Mama mwambie kweli, kwamba sijapanda basi. Kesho asubuhi jina langu litaitwa tena, na Mama Wanjiku atakuwa amekaa mbele yangu. Usiniombee pensheni, Dada. Niombee nilitamke neno hilo, kisha ninyamaze.

Mdogo wako mkaidi,
Mwadime