Matanga Ijumaa

Kidia, Old Moshi,
Jumanne, 8 Julai 2025.

Mpendwa dada Priska,

Basi simu ilipokatika juzi ndiyo kwanza nilikuwa nafika kwenye habari yenyewe. Ngoja niendelee kwa kalamu, maana kwenye simu nalia tu na wewe unalia, halafu hakuna aliyeelewa kitu.

Hujambo lakini? Na tumbo je, mtoto anacheza? Shemeji Tito anakusaidia kazi za ndani, au bado anasema mgongo? Usijilaumu kwamba hukuja kumzika Bibi. Daktari akikataza safari kwa hali yako, amekataza. Sisi huku tu wazima wa mwili.

Uliniuliza kwa nini mimi niliyekuwa karibu kuliko wewe nilichelewa. Nitakueleza.

Unajua wakwe zangu hawana nyumba nchi kavu. Baba mkwe, mzee Theodory, na mama Margareta wanaishi ndani ya boti yao ya tanga, Tausi: jiko humo, vitanda humo, hata mchicha wameotesha kwenye ndoo. Tangu harusi yetu ya Tanga mwezi Mei, ndiyo nyumba yangu. Dada, usinicheke, nimependa! Asubuhi Ildefonce ananiletea chai kitandani, nusu imemwagika kwa mawimbi, nami naona hakuna bibi harusi aliyebarikiwa kama mimi. Ndiyo maana naona haya kuandika yanayofuata.

Bibi hakuwahi kumwona mume wangu. Siku ya posa walikuja wazee wake tu, na kwenda Tanga miguu yake ilikataa. Kila nikipiga simu aliuliza, "We Elisifa, huyo mtu wako wa majini namwona lini?" Mjomba Filemon pembeni anamwambia, "Mama, sema wa baharini. Majini ni mashetani." Naye: "Basi aje na mkia wake niuone." Aliahidi kutumiminia mbege, ile pombe yake ya ndizi, kwa mkono wake mwenyewe.

Tulikuwa Mkokotoni, kule Unguja, fundi akitushonea matanga mapya badala ya yale yaliyochanika. Nilimwambia mjomba kwamba matanga yakiisha tu tunavuka, tunapanda moja kwa moja kwa Bibi. Jumatano ukaingia ujumbe wake: "Matanga Ijumaa. Mje."

Sasa dada, sisi wa mlimani tumekua tukisema msiba. Neno matanga mimi nimelijulia botini, ni zile nguo za kushika upepo. Nikadhani mjomba anathibitisha siku. Nikamjibu: "Ndiyo mjomba, Ijumaa! Mapya, meupe, yanapendeza kama shela langu. Bibi aandae mbege!" Na vile vimoyo vyekundu nikaweka.

Jioni, tukimenya viazi, nilimwonyesha mama mkwe ili tufurahi wote. Aliweka kisu chini.

"Mjomba wako alikaa wapi ujanani?"

"Tanga, mama. Alikuwa reli."

"Basi hicho ni Kiswahili chetu, mwanangu. Matanga ni kilio. Mpigie."

Sikuhitaji kumaliza kupiga.

Alhamisi tuliondoka na tanga moja, jingine tukaliacha kwa fundi. Kusi lilivuma vibaya, nikatapika mpaka nikaisha. Ijumaa kulipopambazuka tulikuwa mbele ya Pangani. Mlango wa mto ule una fungu la mchanga, na maji yakiwa yamekupwa mawimbi yanavunjikia pale. Anayejua husubiri maji yajae. Baba mkwe anajua. Lakini alinitazama usoni, akasema, "Bibi yake ni bibi yetu. Tunaingia."

Ildefonce alitangulia na kimashua, akipima kina kwa pondo. "Kushoto, baba! Kushoto nimesema!" "Nimesikia, mimi si kiziwi!" Kisha Tausi ikagota. Sahani zote chini, usukani ukavunjika, kila wimbi linatuinua na kutubwaga. Mama Margareta akaanza wimbo wa kanisani, mimi nimekumbatia mlingoti. Tulikaa pale tumenasa mpaka maji yalipojaa na kutunyanyua yenyewe. Tungesubiri nje, tungeingia saa ileile. Baba mkwe alifuta macho kwa kofia.

Basi la Muheza, basi la Moshi, bodaboda mpaka huku. Tulikuta watu wanakunja viti. Bibi alikuwa amekwisha kufunikwa, kando ya Babu, kwenye migomba yake.

Pale mpakani mwa shamba letu la kihamba nilikata jani la isale, nikaenda nalo kwa mjomba, maana ujumbe ule ningeuombea vipi radhi kwa maneno? Dada, nilimkuta anakuja, na yeye ana isale mkononi! Ananiomba mimi msamaha, kwamba alishindwa kuandika neno kufa, akajificha nyuma ya neno la pwani. Tukabadilishana majani, tukalia kama watoto.

"Nilimsomea ujumbe wako kabla hatujafunga jeneza," akaniambia. "Nikamwambia, mama, mtu wa majini anakuja Ijumaa. Wewe unajua angecheka."

Mjomba alikuwa ametuwekea kwenye karai udongo wetu wa kumwaga kaburini, hakuruhusu mtu auguse. Ildefonce akamwaga wa kwake, akapiga magoti pale, akanywa mbege kwa kata ya Bibi. Nilimpenda upya, na niliumia upya, kwa wakati mmoja.

Mjomba Filemon anakusalimu, mama anakusalimu, na shangazi Rachel anasema mtoto akiwa wa kike unajua jina. Msalimie sana shemeji Tito. Mungu akushike mkono mpaka ujifungue salama.

Sikumwaga udongo wote. Konzi moja nimekubakizia, nimelifunga kwenye kipande cha tanga jeupe alichonipa fundi. Utauweka kwenye ule mgomba aliokupa Bibi ukaupeleka Mtwara. Tausi bado iko Pangani inangoja usukani, kwa hiyo tunakuja kwa basi, mimi na mtu wangu wa majini. Kabla mwezi huu haujaisha tutakuwa mlangoni kwako.

Mdogo wako, anayekupenda mpaka machozi,
Elisifa