Shuka Lililoficha Ziwa

Mke wangu Mama Gaudensia,

Mimi mume wako ndiye mpiga picha bora kuliko wote waliowahi kuvaa kamera shingoni kati ya Kitai na Mbamba Bay, na katika miaka yangu yote ya kazi sikuharibu picha hata moja.

Haya, acha kucheka. Najua unachekea puani, vile ulivyozoea kucheka kanisani padri akikohoa katikati ya mahubiri. Niliharibu picha. Niliharibu nyingi, na wewe ulikuwepo kwenye karibu zote. Barua hii watu wengine wataisoma, ndiyo maana nilitaka kuanza na heshima kidogo. Imeshindikana.

Ninakuandikia kwa sababu Gau, binti yetu, ameniweka kwenye kona. Jumamosi hii tunakusimikia msalaba, mwaka umetimia. Siku hizi misalaba inabandikwa picha ya marehemu. Gau akaniambia, "Baba, wewe tafuta picha ya mama, mengine niachie mimi." Nikamjibu kwa dharau, mpiga picha anaombwaje picha kama vile anaombwa almasi. Nikashusha yale makasha matatu kutoka darini. Nikapekua siku mbili. Mama Gau, hupo.

Hupo kabisa. Yupo kila Mmatengo aliyebatizwa, kila Mnyasa aliyeoa, yupo hata yule mbwa wa mganga. Wewe hakuna. Filamu zenyewe zimeingiwa na mvua, zimegandana kama ubwabwa wa jana. Harusi yetu haina picha, kwa kuwa mpiga picha pekee aliyekuwa karibu ndiye alikuwa bwana harusi. Kwenye simu za wajukuu umejifunika kanga usoni kila mahali, unasema sitaki, sitaki. Kilichobaki ni kile kitambulisho chako, na pale, samahani, unaonekana kama mtu aliyekamatwa na kuku wa jirani.

Basi nikakaa na lile kasha la tatu mapajani nikakumbuka mahali ulipokuwa siku zote. Ulikuwa nyuma, umeshika pazia.

Unalikumbuka lile shuka la pazia? Nililinunua Songea, nikalipeleka Kitai kwa fundi aliyekuwa anachora kuta za baa. Upande mmoja akachora ghorofa nane, gari jekundu na ndege inayopita juu yake. Upande wa pili akachora ziwa. Nilikuonyesha kwa majivuno, ndoa yetu ikiwa bado mbichi, ukalizunguka mara mbili huku umeweka mikono nyuma kama mkaguzi wa shule.

"Mume wangu, huyu fundi amewahi kuliona ziwa?"

"Ameliona kwenye kalenda."

"Inaonekana. Samaki wake anaruka kama mbuzi."

Wewe ni mtoto wa Liuli, umezaliwa ziwa likiwa mlangoni, kwa hiyo sikubishana. Lakini biashara ilikuwa biashara. Huku juu Litembo watu walitaka wapigwe mbele ya ziwa. Kule chini ziwani walitaka ghorofa na gari jekundu. Tulikuwa tunageuza shuka tu, kutegemea tumepanda mlima au tumeshuka. Kamba upande mmoja inafungwa kwenye mti, upande wa pili unashika wewe, mkono umeunyoosha juu, mwili wote umejificha ili usionekane.

Ufundi wenyewe ulinifundisha wewe, ingawa wateja walidhani nimesomea. Mimi niliyeishia darasa la nne nisomee wapi? Ulianza siku ile ya katekista. Nilimsimamisha mbele ya zizi, nikamnyoosha kola, nikamwambia asicheke. Picha ilipotoka alikuwa na pembe mbili ndefu zimemwota juu ya masikio. Ng'ombe alikuwa amesogea. Ukaitazama ile picha, ukaniuliza kwa upole mbaya:

"Macho yako yalikuwa wapi?"

"Kwa katekista."

"Ndiyo kosa lako. Katekista hakimbii. Mwangalie ng'ombe."

Tangu siku hiyo sikubonyeza kabla ya kuchungulia kilichoko nyuma ya mtu. Mgomba usimchomozee kichwani. Kamba ya nguo isimkate shingo. Mtu asiegemee ukuta, kivuli chake kitasimama naye kama pacha. Na yule bibi harusi niliyempanga kwenye ukuta wa kanisa uliopakwa chokaa upya? Gauni jeupe, ukuta mweupe, kikatoka kichwa na mikono miwili vinaelea hewani. Mama yake alipoiona alifanya ishara ya msalaba. Wewe ndiye uliyemshika yule binti mkono, ukampeleka pembeni ya shamba, ukamsimamisha mahali mteremko wote wa pili unaonekana, na mashimo yetu ya ngoro yamepangana kutoka juu hadi bondeni kama mtu ametandaza wavu wa kijani juu ya mlima. Nilipochungulia kwenye kamera nilisahau kubonyeza. Nimezaliwa kwenye mashimo hayo, nimechapwa kwa kutoyachimba vizuri, ninajua tunayachimba ili mvua isiondoke na udongo, basi. Ilibidi aje mwanamke wa ziwani anionyeshe kwamba ni mazuri.

"Bonyeza," ulisema, "bibi harusi anaungua jua."

Sasa niseme lile ambalo sikuwahi kulisema. Ulipokuwa unashika pazia, vidole vyako vilikuwa vinatokea kwenye picha. Vinne, pembeni, vimekunja ncha ya shuka. Wateja hawakuvitaka. Kwa hiyo nilikuwa na mkasi, na kila picha kabla ya kumpa mwenyewe nilipunguza ukingo. Nilijivunia mkono wangu, mstari ulinyooka kuliko rula. Wewe ulikuwa unafagia vile vipande chini ya meza.

"Leo umenikata tena," ulikuwa unasema.

"Siku moja utasimama mbele, nitakupiga peke yako."

"Siku moja. Siyo leo, nina majivu kichwani."

Krismasi kwa Krismasi, ilikuwa majivu, au kitenge hakijapigwa pasi, au ugali unaungua. Nami sikusisitiza. Hilo ndilo lililonikalisha na makasha siku mbili, Mama Gau. Nilikuwa na mkasi mkononi miaka yote hiyo na mtu niliyekuwa ninamkata ni wewe.

Nikaenda na kile kitambulisho Mbinga mjini, kwa yule dada mwenye studio karibu na stendi. Dada mstaarabu. "Shikamoo babu. Bibi tumuweke mbele ya nini?" Akanifungulia kompyuta. Ningependa ungekuwepo. Ana maporomoko ya maji, ana ngazi za dhahabu zinazopanda mawinguni, ana bustani, ana ghorofa zilizochongoka kama sindano. Kubonyeza mara moja tu, mtu anahama nchi. Nilistaajabu kweli, sitanii. Nikafikiria tulivyobeba lile shuka kichwani mvua ikitunyeshea, na yeye ana mapazia mia mfukoni yasiyo na uzito. Akakuweka kwenye ngazi za dhahabu. Ukakaa pale na uso wako wa mwizi wa kuku, unapanda mbinguni.

"Inapendeza, babu?"

"Inapendeza, mwanangu. Ila malaika watamrudisha."

Hapo ndipo nilipokumbuka harusi ya binamu yako Filemoni. Kesho yake asubuhi nikapanda gari la Mbamba Bay. Barabara sasa ni lami tupu, yale makorongo tuliyokuwa tunateremka kwa kushikana viuno hatuyaoni tena, unakunja kona na ziwa linatokea ghafla, limejaa kioo chote. Nilikutafuta kwenye kiti cha pembeni nikuambie uliangalie. Ndiyo, bado ninafanya hivyo.

Filemoni nilimkuta kibarazani anashona wavu, jicho moja limeingia ukungu. Hakunisalimia.

"Shemeji, umeniletea ghorofa langu?"

Anadai mpaka leo. Maana siku ile ya harusi yake tulitundika shuka ufukweni, upande wa ghorofa kama alivyoagiza, yeye na Debora mbele wamekakamaa, wewe nyuma majini umeshika ncha. Nikawa ninahesabu: moja, mbili. Upepo wa mwera ukaja bila kubisha hodi. Kamba ikakatika, shuka likaruka, nikashtuka nikabonyeza. Nami nikaingia majini kulifuata, Mmatengo asiyejua kuogelea, suti yangu moja mwilini, mpaka maji yakanifika kifuani. Picha ilipotoka Filemoni akaikataa: "Mimi niliagiza ghorofa, wewe umenipa maji. Maji ninayo kila siku." Nikapiga nyingine, na ile mbovu nikamwachia bure. Wala sikuikata ukingo. Nani anapoteza muda kukata picha mbovu?

"Ile mbovu ipo?" nilimuuliza.

"Ingia ndani, Debora akuonyeshe. Nzuri ililiwa na mchwa. Mbovu imekataa kufa."

Ilikuwa ukutani juu ya redio. Debora akaishusha, akaipangusa kwa upindo wa kanga, akanipa.

Mama Gau, nilikaa chini. Sikutafuta kiti, nilikaa sakafuni. Filemoni na Debora wako kwenye kona wamegeuza shingo, nusu yao imetoka nje. Juu kabisa shuka linapaa, ile ndege ya kuchorwa imepinda, kwa mara ya kwanza maishani mwake inaruka kweli. Na katikati, mahali ambapo mimi sikulenga, uko wewe. Maji yamekufika magotini. Mikono yote miwili iko juu, mitupu, inaliaga shuka. Umefungua kinywa unacheka, meno yote nje, hujajifunika chochote. Na nyuma yako ni ziwa lote. Siyo lile la kalenda. Ziwa lenyewe, limepanda hadi nusu ya picha, kila wimbi limeshika jua lake, na mbali kule milima ya ng'ambo imefifia mpaka hujui kama ni mlima au ni hewa.

Niliwaza, hiki kitu kilikuwepo. Siku zote nilizosimama kwenye ufukwe ule nikisema tabasamu kidogo, kilikuwa pale nyuma, na mke wangu katikati yake, nami nilipanda milima na kushuka nimebeba shuka la kukificha.

Debora akasema, "Yeye alitaka tuitupe. Nikamwambia, huyu wa nyuma ndiye mtu pekee aliyeifurahia harusi yetu bila kuhesabu wali. Namtazama nikiamka."

"Ninaihitaji, shemeji," nilisema. "Ya msalaba."

Filemoni akaja mlangoni na wavu wake begani. "Ipige kwa simu, nenda nayo. Lakini sisi usitukate. Najua mkasi wako."

Debora akanipakulia ugali na samaki mbasa, nikala huku nimeiegemeza picha kwenye jagi, na hakuna aliyenicheka, hata Filemoni.

Yule dada wa studio alipoiona aliikuza mpaka ikajaa kompyuta nzima. Kisha akasema anaweza kuwaondoa maharusi na kufuta lile shuka, nibaki na wewe na ziwa. Akataka kunionyesha. Nikamwomba aondoe mkono kwenye kipanya. Gau naye akang'aka: "Baba, yaani kwenye msalaba wa mama kutakuwa na harusi ya watu na shuka linapaa?" Nikamwambia ndiyo. Mama yako hatakatwa tena, na waliokuwa naye hawatakatwa. Padri ameitazama huku ninamsimulia, akauliza huyo aliyekimbia majini yuko wapi, nikamwambia ndiye aliyepiga. Akacheka akakohoa. Ungekuwepo ungemchekea puani.

Kwa hiyo Jumamosi utasimama mbele, Mama Gau, ingawa kwa hila ya upepo.

Limebaki jambo moja. Wajukuu wamekodi Mbinga lile bango la maua ya plastiki, waridi tupu, la kusimamisha pembeni ya kaburi ili familia tupigwe picha misa ikiisha. Wamepima kila kitu. Litakaa upande wa bondeni, hasa mahali ngoro zinapoanza kuteremka, na ambapo siku ya hewa safi unaonekana ule mstari wa bluu wa ziwa lenu. Nimewaeleza. Wananiambia, "Babu, background iwe safi." Nimechoka kubishana na watu niliowafundisha kutembea.

Siku ile ya Filemoni nilipotoka majini ninatetemeka, shuka linanichuruzika miguuni, ulinishika sikio ukasema, "Mume wangu, hii fadhila nitakulipa." Hujalipa. Nimekaa kimya muda wote kwa adabu.

Nipe upepo. Siyo mkubwa, usije ukang'oa mabati ya jirani na kofia ya padri. Mdogo tu, wa kuangusha bango moja, Gau akiwa anatuhesabia picha, amefikia mbili.

Nitasimama nimegeuka nyuma, nikuangalie.

Mumeo, Baba Gau