Bunduki ya Upepo Niliyoifungua

Mjukuu wangu Salima,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Hapa Rahaleo hatujambo, na mama yako mdogo amejifungua salama.

Unasema bunduki yako mpya ya upepo imeharibika, na unauliza kama zile za bei nafuu zamani zilikuwa imara. Ya babu yangu ilidumu miaka. Ile mpya ya kijiji chetu cha ujamaa ilikufa wiki ya kwanza, tumbili wakiyamaliza mahindi yetu.

Nikaifungua. Washa, kipete cha plastiki kinachobana upepo, ilikuwa imepasuka, nikakata nyingine kwenye ngozi ya kiatu kikuukuu.

"Mwanamke na bunduki wapi na wapi?" mwenyekiti wa kijiji akaguna.

Nikalenga kopo ng'ambo ya shamba, likaruka. Mwenyekiti akanikabidhi bunduki mbele ya wanakijiji wote, niwafukuze tumbili. Msimu ule tulivuna mahindi mpaka ghala likakataa kufungwa.

Yako usiitupe kwanza, mama. Ifungue uone.

Bibi yako,
Zuhura