Vidole Vinavyowaka

Kaka Bhargav,

Hapa Pune mvua imegoma kukatika, na mama amenipigia tena: "Panya wa watu unawaotesha neva, ndugu yako wa tumbo moja je?" Nimechoka kueleza! Kuna kimeng'enya, kichochezi kidogo, kwenye utando wa seli za neva za panya. Tukikiamsha, uzi wa neva unarefuka, lakini ndani ya kisahani cha maabara, si kwenye mkono kama wako, uliochanwa hadi kwenye neva na uzi wa tiara. Nilikukataza kuupaka unga wa vioo ili ukate tiara za wenzako, ukanicheka.

Sasa barua yako. Umenisimulia harusi ya jirani mpaka achari, halafu mwishoni kabisa ndiyo unasema umeacha mazoezi ya mkono, eti vidole vilivyokufa ganzi vinawaka kama umeshika pilipili, na shangazi anakufunga barafu.

Mwambie aache! Huko kuwaka ndiyo dalili kwamba neva inarudi, polepole, bila mimi wala kimeng'enya changu. Mimi nashinda maabara nikiisubiri dalili kama hiyo, wewe umeipata unaigandisha!

Rudi mazoezini leo. Vikiwaka zaidi, nipigie. Nataka nikusikie ukipiga kelele.

Mdogo wako mwenye hasira,
Hetal