Swali Langu Kaburini

Felicitas rafiki yangu, kabla ya alfajiri kifuniko cha sufuria ya uji kilikuwa kikigongagonga, ndipo nikasikia hodi. Ni Chifu, na barua.

Eti niweke sahihi kwamba nilikosea kwenye mazishi ya mjukuu wangu Mugendi, aliyeuawa vitani, la sivyo nipelekwe kituoni.

Mheshimiwa, mbunge wetu, alisema pale kaburini vita viendelee, Kiritiri yetu itoe vijana wengine. Mimi nikamuuliza tu, "Na wako yuko wapi?" Watu wake wakaninyang'anya maikrofoni.

Yuko wapi. Hilo tu.

Nilikataa kuweka sahihi. Hata sikulia.

Chifu akaepua uji, akanimiminia mimi kwanza. Akasema polepole, "Cucu, nyanya yangu, kijana wangu pia yuko huko huko vitani." Akaikunja barua, akaitia mfukoni.

Pale langoni nikamwomba arudi kunitembelea, bila barua.